Siku ya kwanza Guangzhou: mwongozo kwa mwanafunzi anayekwenda kusoma China

Kwa wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki, mlango wa China ni Guangzhou. Kenya Airways na Air Tanzania hutua hapo, katika uwanja wa Baiyun, na Ethiopian huwaleta wengine kupitia Addis Ababa. Mwongozo huu ni wa yule anayebaki kusoma katika mji huo, anayefika mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba muhula unapofunguliwa, na ana viza ya X1, ile ya masomo ya muda mrefu, kwenye pasipoti.

Jambo la kushika kabla ya mengine yote ni kwamba huko kitu kimoja hufungua kingine. Pasipoti ndiyo inayokupatia laini ya simu. Laini ya simu ndiyo inayofungua akaunti ya benki. Akaunti ya benki ndiyo inayopokea posho ya ufadhili. Na pasipoti hiyohiyo, wiki chache baada ya kufika, itachukuliwa na ofisi ya uhamiaji ili utengenezewe kibali cha ukaaji, na inaweza kukaa huko hadi siku 15. Anayeitoa kabla hajasajili laini wala kufungua benki hujikuta na risiti mkononi, hana namba, hana akaunti, na ada inadaiwa. Ndiyo maana siku ya kwanza inapangwa kwa utaratibu, na sehemu kubwa ya utaratibu huo hufanyika ukiwa bado nyumbani.

Simu iandaliwe nyumbani

Ndani ya China, WhatsApp, Google, Gmail, YouTube, Facebook na Instagram hazifunguki kwa intaneti ya kawaida. Kila mtu hulijua hilo kwa kusikia, lakini wachache hulifikiria hadi mwisho. Barua yako ya kukubaliwa chuoni ikiwa imelala kwenye Gmail, hutaipata uwanjani. Anwani ya hosteli ikiwa kwenye ujumbe wa WhatsApp, huo ujumbe huenda usifunguke. Pakua kila kitu, kihifadhi kwenye simu yenyewe, kisha zima data na Wi-Fi ujaribu kama faili zinafunguka. Kama umewapa chuo anwani ya Gmail, waandikie mapema uwape nyingine, Outlook hufunguka.

Programu mbili ni za lazima: WeChat, ya ujumbe na malipo, na Alipay, ya malipo. Zote hukubali kusajiliwa kwa namba ya Tanzania, Kenya au Uganda. WeChat mara nyingi humtaka mtu mpya athibitishwe na mtumiaji wa zamani anayeskani msimbo wake wa QR, na ukingoja hadi utue hutakuwa na wa kukuskania. Fanya hivyo wiki mbili kabla, kwa msaada wa mwanafunzi aliyetangulia. Kisha isajili pia simu ya mtu mmoja wa nyumbani, mdogo wako au shangazi, na mpigiane mara moja kwa majaribio. Mama akikupigia WhatsApp usiku huo asikupate, hatajua kwamba ni mtandao. Atadhani kuna baya limekupata. Akijua kwamba habari zako zitapitia simu ya mdogo wako, atalala.

Kwenye Alipay na WeChat unganisha kadi ya Visa au Mastercard, na uthibitishe jina lako kwa picha ya pasipoti. Hapa watu hukwama kwa sababu tatu. Kwanza, benki ya nyumbani haijafungua kadi kwa malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi. Nenda tawini ukaombe kwa maandishi. Pili, kadi inaposajiliwa benki hutuma namba ya uthibitisho kwa SMS kwenye laini yako ya nyumbani, na laini hiyo imezimwa au imebaki kwenye droo. Iache laini ya nyumbani ndani ya simu, fungua rominga ya SMS kabla ya kuondoka, ila zima rominga ya data isikumalizie salio. Tatu, jina. Pasipoti zetu hubeba majina matatu, wakati mwingine manne, na kila ofisi hupenda kuyapanga yake. Andika kila mahali kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, mpangilio uleule, nafasi zilezile. Baadaye laini ya simu ikisema jina moja na benki likasema jingine, Alipay itakataa kuunganisha akaunti, na kurekebisha ni foleni mbili za siku nzima.

Kuhusu makato: malipo yasiyozidi yuan 200 kwa kadi ya nje hayakatwi kitu, yakizidi hapo unakatwa asilimia 3. Amana ya hosteli ya yuan 500 ukiilipa kwa kadi hiyo unapoteza yuan 15, kwa hiyo ni bora kuilipa taslimu. Tena kadi ya nje huenda isimlipe mtu binafsi. Huenda usiweze kumrudishia mwanafunzi mwenzako hela ya teksi kwa WeChat, na muuza matunda mwenye msimbo wa binafsi unaweza kumskani, malipo yakakataliwa. Hiyo ndiyo sababu ya kutembea na noti.

Kwa intaneti ya saa za mwanzo, nunua nyumbani eSIM ya wasafiri, laini isiyo na kadi ya kuchomeka, ya GB 3 hadi 5, kama simu yako inaikubali. Intaneti yake hupitia nje ya China, kwa hiyo WhatsApp na Google huendelea kufanya kazi, na hiyo hukupa wiki ya kuhamia WeChat taratibu. Haitakupa namba ya China. Hilo ni jambo la baadaye. Kuhusu VPN, programu za kupita vizuizi vya mtandao, sheria ya huko huruhusu zile tu zilizoidhinishwa na serikali, na kuzipakua ukiwa ndani ni kazi. Usiweke mpango wako wa siku ya kwanza juu yake.

Pakua pia Amap, ambayo Wachina huiita Gaode, kwa ajili ya ramani, na programu ya tafsiri yenye Kichina kinachofanya kazi bila intaneti.

Mkoba wa mkononi

Masanduku huchelewa, na hutokea yakabaki Addis Ababa. Kwa hiyo karatasi zote ziwe kwenye mkoba unaoupandia nao ndegeni: pasipoti, barua halisi ya kukubaliwa, fomu ya JW201 au JW202, ile uliyopewa kupitia chuo kwa ajili ya viza, fomu ya uchunguzi wa afya ikiwa na majibu halisi ya damu na ripoti ya eksirei ya kifua, cheti cha homa ya manjano, ile kadi ya njano, vyeti vya shule vilivyothibitishwa, picha kumi za pasipoti zenye mandhari meupe. Studio nyingi za kwetu hupiga kwa mandhari ya buluu bila kuuliza, na hizo zitakataliwa. Weka nakala tatu za kila karatasi, na kalamu.

Fomu ya afya iangalie kabla hujaondoka hospitali. Picha yako lazima ipigwe mhuri unaopita juu yake, kila kipengele kijazwe, daktari asaini, na isiwe imepita miezi sita. Ikikosa kimojawapo, kituo cha afya cha wasafiri cha Guangzhou kitakurudisha mwanzo, damu na eksirei upya, kwa gharama yako.

Katika karatasi moja ngumu andika kwa herufi za Kichina, au chapisha: jina la chuo, jina la kampasi, anwani ya hosteli, na simu ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Neno kampasi lipigiwe mstari. Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen kina kampasi Guangzhou, Zhuhai na Shenzhen, miji mitatu tofauti. Chuo Kikuu cha Jinan nacho kina kampasi katika miji hiyohiyo. Hata ndani ya Guangzhou, kampasi ya mjini na ile ya mji wa vyuo ulioko kisiwa cha Xiaoguwei zimeachana kwa safari ndefu. Dereva akionyeshwa jina la chuo peke yake atakupeleka anakokujua yeye.

Fedha: chukua kiasi cha kukutosha miezi miwili. Ufadhili wa serikali ya China hulipa yuan 2,500 kwa mwezi kwa shahada ya kwanza, 3,000 kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu, lakini posho haiingii hadi usajili ukamilike na akaunti ifunguliwe, na hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Dola ziwe safi, zisizochanika wala kuchorwa. Ukibeba fedha za kigeni zenye thamani ya zaidi ya dola 5,000 ni lazima uzitangaze forodhani.

Vyakula vya nyumbani vipunguzwe. Forodha ya China hairuhusu matunda mabichi, nyama hata ya kukaushwa, samaki wabichi, maziwa, mayai wala mbegu kwenye mizigo ya abiria. Maembe ya bibi yataishia kwenye pipa la uwanjani, na inauma.

Na pawabenki: hukaa kwenye mkoba wa mkononi tu. Kama Guangzhou unapita kwenda mji mwingine kwa ndege, fahamu kwamba tangu tarehe 28 Juni 2025 ndege za ndani za China hazipokei pawabenki isiyo na alama ya 3C, ile ya uthibitisho wa usalama ya China. Nyingi zinazouzwa kwetu hazina.

Uwanjani

China nzima hutumia saa moja, na iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5. Ukitua saa 8 mchana, nyumbani ni saa 3 asubuhi. Hapa pia kuna mtego mdogo wa lugha: wao huhesabu kuanzia usiku wa manane, kama Kiingereza, na hupenda kuandika kwa mtindo wa saa 24. Tangazo la chuo likisema 8:30 ni saa 2 na nusu asubuhi, na 14:30 ni saa 8 na nusu mchana. Ofisi nyingi za vyuo hufungwa katikati ya siku, kuanzia 12:00 hadi 14:00 au 14:30, watu wakala na kulala kidogo. Ukifika wakati huo utakuta mlango umefungwa, na hakuna aliyekudharau.

Kabla ya dirisha la uhamiaji kuna fomu ya kuwasili, ya karatasi au ya kujazwa kwa simu, na mashine za alama za vidole. Fomu itataka anwani ya China. Ile karatasi yako ngumu inaanza kazi hapo. Ofisa akiuliza, jibu fupi: unakuja kusoma, chuo fulani, na umpe barua na fomu ya JW. Akishapiga mhuri, usiondoke kabla hujautazama. Tarehe ya mhuri huo ndiyo inayoanza kuhesabu siku zako. Kwenye viza ya X1, sehemu ya muda wa kukaa huandikwa 000. Maana yake ni kwamba viza yenyewe haikupi siku za kukaa. Ni lazima uombe kibali cha ukaaji ndani ya siku 30 tangu kuingia. Wapo wanaoona viza ni ya miezi mitatu wakadhani wana miezi mitatu. Miezi hiyo ni ya kuingilia nchini tu. Kukaa bila kibali hutozwa yuan 500 kwa siku, hadi 10,000, na sheria inaruhusu hata kuwekwa kizuizini.

Baada ya masanduku na forodha, pata noti. Badilisha dola 100 tu uwanjani, kwa sababu madawati ya hapo hutoza zaidi, nyingine ubadilishe tawi la Bank of China mjini ukiwa na pasipoti. Au toa yuan kwa kadi yako kwenye ATM ya benki. Dola moja hupata yuan 7 hivi. Noti kubwa ni ya 100, kwa hiyo omba wakuvunjie baadhi ziwe za 10 na 20. Kisheria duka halipaswi kukataa taslimu, ila muuzaji asiye na chenji atakuangalia tu. Mtaani utasikia watu wakisema "kuai" badala ya yuan. Ni kitu kilekile. Usibadilishe fedha na watu wa barabarani, hata wakiwa wanaongea Kiswahili.

Kufika chuoni

Uliza mapema kama chuo kina basi la kupokea wageni. Vyuo vingi huleta basi siku rasmi za usajili, na si siku mbili kabla. Tiketi ya bei nafuu inayokufikisha mapema hukugharimu hoteli na usumbufu utakaouona hapa chini.

Ukiwa na masanduku mawili ya kilo 23, chukua teksi. Fuata alama hadi foleni rasmi nje ya jengo, na wapite wale wanaume wanaokuita ndani ya ukumbi wa kuwasili. Mwonyeshe dereva karatasi yako, hakikisha mita imewashwa, na jua kwamba ada ya barabara ya kulipia huongezwa juu yake. Mwishoni omba risiti, "fapiao". Ina namba ya gari, na ndiyo njia ya uhakika ya kulipata begi ulilosahau nyuma. DiDi, huduma ya kuita gari kwa simu, nayo hufanya kazi ndani ya Alipay kwa Kiingereza, ila dereva atakupigia simu kuuliza umesimama wapi, na kwa mgeni asiye na Kichina wala namba ya China hilo huwa gumu. Foleni ya teksi ni rahisi zaidi siku hiyo.

Mwenye begi moja anaweza kupanda metro. Laini ya 3 huanzia uwanjani, kituo cha Kusini kwa jengo la kwanza na cha Kaskazini kwa jengo la pili. Mashine za tiketi zina Kiingereza na hupokea noti ndogo. Kila begi hupitishwa kwenye eksirei mlangoni. Laini hiyo hujaa sana asubuhi watu wakienda kazini na jioni wakirudi. Ukitua karibu na saa 12 jioni, kaa kwanza ule.

Hosteli

Utapokewa na mlinzi au mama wa mapokezi asiyejua Kiingereza. Mwonyeshe barua ya kukubaliwa na pasipoti. Atakunakili pasipoti, atachukua amana na kodi, na atakupa ufunguo au atasajili uso wako mlangoni. Kabla ya kusaini karatasi ya chumba, washa kiyoyozi, fungua bomba, jaribu kitasa, na piga picha ya kila kilichovunjika. Amana hukatwa siku ya kuondoka kwa uharibifu ambao huenda ulikuwepo kabla yako.

Kitanda kwa kawaida ni mbao au chuma na godoro jembamba, au bila godoro. Matandiko hayamo. Kuna duka karibu na kila kampasi linalouza seti ya godoro, mto, shuka na blanketi jepesi, na wakati wa usajili huuziwa mlangoni kabisa. Tenga yuan 150 hadi 300. Nunua siku hiyohiyo kabla ya usiku, pamoja na kandambili, ndoo, hanga na karatasi za chooni, kwa sababu vyoo vingi vya umma havina karatasi.

Umeme wa chumbani hulipiwa kabla, kama Luku au tokeni. Mwenzako wa chumba asipokuwepo, unaweza kuingia ukakuta units zimekwisha na joto la Septemba linazidi nyuzi 30, hewa nzito kuliko ya Dar mwezi wa Februari. Uliza mapokezi palepale jinsi ya kuongeza: mara nyingi ni msimbo uliobandikwa ukutani. Soketi za China hazipokei plagi yetu ya pini tatu za mraba. Njoo na adapta moja tu, kisha nunua ekstensheni ya huko. Ile ya nyumbani haitakusaidia. Volti ni 220, chaja za simu na kompyuta hazina shida. Jiko la umeme, hita ya koili na pasi kubwa hupigwa marufuku katika hosteli nyingi na hunyang'anywa kwenye ukaguzi.

Saa 24 za polisi

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa hutokea siku ya kwanza ingawa adhabu huja baadaye. Sheria ya uhamiaji ya China, inayotumika tangu Julai 2013, inamtaka kila mgeni anayelala nje ya hoteli asajiliwe polisi ndani ya saa 24. Hoteli hukusajili yenyewe inaponakili pasipoti yako. Hosteli ya chuo nayo kwa kawaida hufanya hivyo, lakini wanahitaji nakala za kurasa tatu: ya picha, ya viza, na ya mhuri wa kuingia. Ule wa mhuri ndio husahaulika, kwa sababu nakala ulizotengeneza nyumbani zilitangulia mhuri. Nakili palepale mapokezi, kisha uliza waziwazi kama wao watakusajili au uende mwenyewe.

Ukilala kwa ndugu au rafiki, hata usiku mmoja, hakuna atakayekusajili. Ni lazima wewe au mwenyeji wako aende kituo cha polisi cha mtaa huo, "paichusuo", akiwa na pasipoti na mkataba wa nyumba. Hali inayorudiwa kila mwaka ni hii: mwanafunzi amefika siku tatu kabla ya usajili, amefikia kwa jamaa Xiaobei, kule ambako Waafrika wengi hufanya biashara, jamaa anasema "usijali, hapa hatusumbuliwi". Wiki mbili baadaye, wakati wa kuomba kibali, ofisa anatazama tarehe ya mhuri na tarehe ya usajili, anaona usiku tatu hazina makazi. Sheria inaruhusu onyo au faini ya hadi yuan 2,000. Na jamaa mwenyewe kama karatasi zake hazijakaa sawa, humletei tu matatizo, unamletea polisi mlangoni. Kama ni lazima ufike mapema, lala hoteli inayopokea wageni wa kigeni, hata ya bei ndogo, na tunza risiti.

Karatasi ya usajili wa makazi utakayopewa ipige picha na uiweke pamoja na pasipoti. Itaombwa kwenye kibali cha ukaaji. Ukibadilisha makazi au ukatoka China na kurudi, uliza kama unatakiwa kusajiliwa upya.

Jambo jingine la Xiaobei: mji huu ni wa biashara, na mwanafunzi anayeongea Kiswahili na Kiingereza anaweza kuombwa tangu siku ya kwanza asaidie wafanyabiashara sokoni, atafsiri, asimamie mizigo. Ukiwa na ruhusa ya kusoma tu, kufanya kazi ya malipo bila kibali ni kosa la uhamiaji. Msaidie mtu kuuliza bei ukitaka, ila usipokee malipo.

Kula, kunywa, kulala

Maji ya bomba hayanywewi. Kuna mashine za maji ya moto kwenye kila jengo, na Wachina wenyewe hunywa ya moto. Nunua chupa ya chai ya yuan 30 hivi na utakuwa umemaliza tatizo hilo.

Kantini ya chuo hutumia kadi ya mwanafunzi, ambayo bado huna. Madirisha mengine hukubali Alipay. Ukikataliwa, toka nje ya geti, kuna migahawa midogo yenye picha za vyakula ukutani. Mlo wa kushiba ni kati ya yuan 10 na 25. Muislamu atafute maandishi ya "qingzhen", mara nyingi kwenye ubao wa kijani wenye herufi za Kiarabu: maduka ya tambi za ng'ombe za Lanzhou yapo karibu kila mtaa na humtoa mtu njaa vizuri. Jifunze maneno mawili, "zhurou" ni nguruwe na "niurou" ni ng'ombe, lakini kumbuka kwamba mchuzi na mafuta ya nguruwe huingia hata kwenye mboga za majani. Kwa swala ya Ijumaa, msikiti wa Huaisheng katikati ya mji ni miongoni mwa misikiti mikongwe ya China, na Mkatoliki atalikuta kanisa kuu la mawe la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kati ya 1863 na 1888.

Usilale mchana hata macho yakikuuma. Tembea ndani ya kampasi, tafuta lilipo jengo la ofisi ya wanafunzi wa kigeni ili kesho usipotee, na rudi mapema, kwa sababu hosteli nyingi hufunga milango karibu na saa 5 usiku. Andika kwenye karatasi, si kwenye simu pekee: 110 polisi, 120 ambulensi, 119 zimamoto, na namba ya ubalozi wa nchi yako Beijing. Kisha piga WeChat nyumbani. Ukipiga saa 3 usiku ya huko, kwao ni saa 10 jioni, watu wapo.

Kesho yake anza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni saa 2 na nusu asubuhi, ukiwa hujala, kwa sababu wakikupeleka kuhakiki afya siku hiyo damu hutolewa tumbo likiwa tupu. Hapo ndipo utakapolipia pia bima ya afya, ambayo katika vyuo vingi ni yuan 800 kwa mwaka. Ukitoka hapo, laini ya simu: China Mobile, China Unicom na China Telecom huweka meza kampasini wakati wa usajili zenye vifurushi vya wanafunzi, nafuu kuliko vya uwanjani. Watataka pasipoti na watapiga picha ya uso. Soma jina walilochapa kabla ya kusaini. Halafu benki, ukiwa na pasipoti, namba mpya na barua ya chuo. Chagua ile ambayo chuo kinalipia posho. Baada ya hayo mawili kukamilika, na si kabla, ndipo uwape pasipoti kwa ajili ya kibali, na risiti utakayopewa uibebe kila uendako mpaka siku utakayorudishiwa pasipoti.